Dakika 15 za Zoom, makala ya tozo ya miamala, slaidi 31: nipunguze nini?

Mwana_Tozo

Habari za saa hizi wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua mikutano ya kitaaluma ya mtandaoni, hasa ya uchumi.

Makala ya pili ya tasnifu yangu ya uzamivu imepokelewa kwenye kikao cha wachumi wanaoanza. Mwasilishaji ana dakika 15, mjadili (aliyepangiwa kuisoma makala na kuikosoa) ana dakika 5, kisha dakika 5 za maswali. Yote kwa Zoom.

Makala inahusu tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania tarehe 15 Julai 2021. Swali: je, kaya zilirudi kwenye fedha taslimu? Data ni za kaya zilezile, mwezi kwa mwezi, Januari 2021 hadi Desemba 2022. Njia ni tofauti ya tofauti (kulinganisha jinsi makundi mawili yalivyobadilika kabla na baada): kata zilizo mbali na tawi la benki dhidi ya zilizo karibu.

Ninachouliza:
1. Slaidi ni 31. Zipi zitoke?
2. Matokeo yaende kwa jedwali au kwa mchoro?
3. Umeme na intaneti si vya kuaminika. Nijikinge vipi bila gharama kubwa?
4. Ratiba inasema 10:00 asubuhi ya New York, Alhamisi ya pili ya Novemba. Nimepiga hesabu nikapata saa 11 jioni Dar. Ni sawa?

---

Bi_Regresheni

Hongera mkuu. Slaidi 31 kwa dakika 15 ni sekunde 29 kwa kila slaidi. Hapo utakuwa unapeperusha karatasi, huwasilishi. Bakiza 11 au 12, nyingine zote zipeleke nyuma ya slaidi ya mwisho kama kiambatisho. Usizifute, maana nusu ya maswali yatajibiwa kwa hizohizo.

Ya kwanza kutoka ni ile ya "Utangulizi, Maandiko, Data, Njia, Matokeo, Hitimisho". Makala zote za uchumi zina mpangilio huo, haimwambii mtu chochote. Ya pili ni mapitio ya maandiko. Sentensi mbili zinatosha: Jack na Suri (2014) walionyesha kwamba M-Pesa nchini Kenya iliwasaidia watumiaji kuhimili misukosuko ya kipato kwa sababu gharama za kutumiana pesa zilishuka. Wewe una tukio la kinyume chake, gharama zimepandishwa na serikali kwa siku moja. Hapo tayari umeonyesha makala yako inakaa wapi, huhitaji orodha ya majina 14.

Kichwa cha makala, sekunde 20, na usikisome, watu wanakiona. Kisha swali. Kisha jibu, kwenye slaidi ya 3, likiwa na namba. Dakika ya pili isiishe kabla watu hawajasikia ulichokipata. Ukumbini mtu anaona aibu kusimama na kuondoka. Kwenye Zoom anafungua barua pepe zake na wewe hutajua.

Dakika mbili zipe tozo yenyewe, maana wasikilizaji wengi si Watanzania na bila hilo hawatafuata kitu. Waambie kiwango kilikuwa shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa, kikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba 2021, kisha kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000 Julai 2022. Usiwawekee jedwali zima la viwango. Chukua muamala mmoja, mathalani wa shilingi 50,000, onyesha ada ya kampuni ya simu na tozo ya serikali juu yake, kabla na baada. Mstari mmoja wa namba ambao mtu wa Oslo na mtu wa Lima wote watauelewa.

Data, slaidi moja: kaya ngapi, miezi mingapi, wangapi walipotea njiani. Hilo la mwisho wengi wanaliruka na ndilo linaloulizwa kwanza. Njia, slaidi mbili. Matokeo makuu, mbili. Kwa nini imetokea hivyo, moja. Uthibitisho wa ziada, moja. Hitimisho, moja.

Kuhusu jedwali au mchoro: mchoro. Jedwali la safu 6 zenye nyota (alama za uhakika wa kitakwimu) na mabano halisomeki kwenye Zoom, na baadhi ya watu wanafuatilia kwa simu. Chora koefishenti (makadirio ya athari) za kila mwezi na mistari wima ya makosa ya makadirio. Mistari iwe minene, kwa sababu Zoom hubana picha na ule wembamba wa kwenye makala hupotea. Maandishi ya mhimili yawe makubwa sawa na ya slaidi. Kundi moja rangi ya bluu, jingine chungwa, na umbo la nukta litofautiane pia kwa wasiotofautisha rangi. Jina la kundi liandike pembeni ya mstari wake badala ya kumfanya mtu atafute ufunguo wa rangi chini kabisa.

Jambo dogo linaloaibisha: koefishenti ya −0.22 kwenye logi si asilimia 22. Ni karibu asilimia 20, kwa sababu exp(−0.22) ni 0.80. Andika 20 kwenye slaidi, uitamke 20.

Kama unatengeneza slaidi kwa Beamer ya LaTeX, weka aspectratio=169 ili slaidi ijaze skrini, na paketi ya appendixnumberbeamer ili pembeni isomeke 3/12 na siyo 3/31. Mtu akiona 31 anakata tamaa mapema.

---

Waya_Mrefu

Mimi najibu la 3 tu.

Watu hupima kasi ya intaneti wakasoma namba ya kushusha. Wewe ni mwasilishaji, unapandisha. Angalia namba ya pili. Kwa mujibu wa Zoom wenyewe, sauti inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, skrini isiyo na picha ya mtu 50 hadi 75, na video nzuri 600 au zaidi. Kwa hiyo sauti na skrini pamoja ni kama 155, ambayo hata mtandao wa kujikongoja unaibeba. Kwa saa nzima ni takriban megabaiti 70. Kinachoua wasilisho ni kamera. Iwashe wakati wa kusalimia na wakati wa maswali. Katikati, sauti ikianza kukatika, izime bila kuomba radhi dakika nzima.

Ingia kwa vifaa viwili: laptopu kwa intaneti ya nyumbani au ya chuo, simu kwa bando la mtandao mwingine. Simu usiiunganishe na sauti kabisa mpaka laptopu ianguke. Vyote viwili vikiwa na maiki na spika wazi, utapata mwangwi na mluzi ambao hata mwenyekiti wa kikao hataweza kuuzima haraka.

Umeme ukikatika, laptopu inabaki hai kwa betri yake ila ruta inazimika papo hapo. Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Kuna UPS (betri za akiba) ndogo za ruta. Ruta inayokula wati 10 ikiwa na UPS ya wati-saa 37 (yaani mAh 10,000 kwenye betri ya volti 3.7) itakupa kama saa 3 ukiondoa kinachopotea njiani. Soma volti nyuma ya ruta kabla ya kuchomeka: nyingi ni 12, lakini zipo za 9, na ukiipa 12 ruta ya 9 unaweza kuiunguza.

Tumia headseti ya waya. Ya Bluetooth, maiki yake ikianza kufanya kazi, kwenye laptopu nyingi sauti hushuka ubora ikawa kama ya simu ya upepo. Tena betri yake huisha bila kuaga.

Kosa la kila kikao: mtu anashea dirisha la PowerPoint, anabonyeza kuanza onyesho, onyesho linafunguka kwenye dirisha jingine. Yeye anaona slaidi ya 5, wenzake wanaona slaidi ya 1 yenye vitufe vya kuhariri. Anza onyesho kwanza, halafu shea dirisha hilo la onyesho. Au geuza yote kuwa PDF uepuke shida. Ukishea skrini nzima, funga WhatsApp ya laptopu na uzime arifa, la sivyo profesa wa Toronto atasoma ujumbe wa "umenunua mkaa?".

Mwisho, siku moja kabla mtumie mwenyekiti PDF. Ukianguka mtandaoni anaishea yeye, wewe unapiga kwa simu na kusema "slaidi ya 6". Kwa hiyo kila slaidi iwe na namba inayoonekana.

---

Mjadili_Mkavu

Wenzangu wamemaliza ya nje, niingie ndani ya makala. Mjadili akiwa makini, haya ndiyo atakayoshika.

Usitumie hata sekunde kujitetea dhidi ya Goodman-Bacon (2021). Tatizo lile huja pale baadhi wanapoguswa mapema na wengine baadaye, halafu waliotangulia wakawa kipimo cha waliochelewa. Tozo yako ilianza nchi nzima siku moja. Ukiweka slaidi ya bacondecomp (amri ya kupima tatizo hilo) unaonyesha hujaelewa tukio lako mwenyewe.

Tatizo lako ni kwamba hakuna kata ambayo haikuguswa. Wa karibu na benki nao walilipa. Unachokadiria ni jinsi wa mbali walivyobadilika kuliko wa karibu. Athari ya tozo kwa nchi nzima haimo kwenye namba hiyo. Ukisema "tozo ilipunguza miamala kwa asilimia 20" umeshikwa. Sema "kaya za mbali zilipunguza kwa asilimia 20 zaidi ya za karibu". Na nadharia yako inasemaje kuhusu ishara? Kukaa mbali na benki kuna njia mbili: aliye mbali hana mbadala, basi atavumilia tozo; au mbadala wake ni noti mkononi na dereva wa basi, basi atakimbia. Zote zinaingia akilini. Sema kabla ya mchoro unatarajia ipi na kwa nini, vinginevyo utaonekana umebuni hadithi baada ya kuona namba.

Mwezi wa msingi, yaani ule ambao miezi mingine yote inapimwa dhidi yake. Bila shaka umetumia Juni 2021, kwa mazoea ya kuchukua mwezi mmoja kabla. Lakini bajeti ilisomwa na kupitishwa Juni. Kama watu wa mbali walikimbilia kuliko wa karibu kutoa au kutuma pesa zao kabla tozo haijaanza, Juni imevimba, na kila koefishenti inayopimwa dhidi yake inashuka, za kabla na za baada. Utaona miezi ya Januari hadi Mei yote iko chini ya sifuri kidogo. Hiyo ndiyo dalili. Tumia Mei, au wastani wa Januari hadi Aprili.

Tena usiseme "mienendo sambamba imethibitika" (kwamba bila tozo makundi yote mawili yangekwenda sawa) kwa sababu tu koefishenti za kabla hazina nyota. Roth (2022) ameonyesha kwamba kipimo hicho mara nyingi hakina nguvu ya kugundua tofauti inayotosha kuharibu matokeo. Weka kwenye kiambatisho mchoro mmoja wa HonestDiD wa Rambachan na Roth (2023): mwenendo upinde kiasi gani kabla matokeo hayajafutika.

Kuhusu mambo mengine ya wakati uleule: katikati ya 2021 kulikuwa na wimbi la tatu la UVIKO-19, na mwaka huohuo ikaja tozo ya laini za simu. Umbali kutoka benki unaendana na ukijiji, kwa hiyo chochote kilichogusa vijiji tofauti na miji kitaingia kwenye makadirio yako. Silaha yako nzuri ni yale mapunguzo mawili. Kama ni tozo kweli, pengo linatakiwa lipungue baada ya Septemba 2021 na lipungue tena baada ya Julai 2022. Chora mistari wima mitatu kwenye mchoro uleule. Pengo lisiposogea baada ya mapunguzo, ujue lina chanzo kingine, au watu wamezoea taslimu. Uwe na jibu.

Sifuri. Kaya nyingi zitakuwa na miezi isiyo na muamala. Ukitumia log(1 + y), y ikiwa thamani ya miamala, ukubwa wa athari unategemea kama umepima kwa shilingi au kwa maelfu ya shilingi, na Chen na Roth (2024) wameliweka wazi hilo. Jaribu mwenyewe: gawa y kwa 1,000, rudia regresheni, utaona. Tumia regresheni ya Poisson, inayokubali sifuri (ppmlhdfe kwenye Stata, fepois kwenye R), au tenganisha maswali mawili: nani aliacha kabisa, na aliyebaki alipunguza kiasi gani.

Klasta (makundi ya kaya yanayochukuliwa pamoja unapokadiria makosa) ziwe kwenye ngazi ambako umbali unatofautiana, yaani kata. Mtu ataomba mkoa. Bara kuna mikoa 26, klasta chache za kutia mashaka kwenye makosa ya makadirio ya kawaida, kwa hiyo tumia boottest (amri ya Stata ya kupima upya kwa klasta chache) na uweke jibu lake nyuma.

---

Mwana_Tozo

Aisee, ahsanteni sana. Ni kweli nilitumia Juni, na miezi ya kabla yote ilikuwa chini ya sifuri. Nilidhani ni bahati mbaya tu.

Swali la nyongeza: mjadili ameshatumiwa makala. Nikibadili mwezi wa msingi, Mchoro wa 2 na Jedwali la 4 vinabadilika. Nimtumie toleo jipya au ninyamaze mpaka siku yenyewe?

---

Mjadili_Mkavu

Mtumie, hata leo. Ila pamoja na makala weka nusu ukurasa: nini kimebadilika, namba ya zamani, namba mpya, sababu. Usibadilishe mpangilio wa majedwali. Jedwali la 4 libaki kuwa la 4, maana slaidi zake tayari zinasema "Jedwali la 4, safu ya 3". Zikibaki chini ya siku 3, usitume toleo zima, tuma huo nusu ukurasa na mchoro mpya tu. Kunyamaza ndiyo mbaya kuliko zote: atatumia dakika zake 5 kukosoa kitu ambacho umeshakitupa, na wewe utabaki kusema "tumerekebisha hilo", sentensi isiyomfurahisha mtu.

---

Nairobi_Residual

Saa umekosea, na hakuna aliyekujibu hilo. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kuanzia hapo New York iko nyuma yetu kwa saa 8, si 7. 10:00 yao ni 18:00 yetu, yaani saa 12 jioni. Ungeingia saa 11 ungekaa chumba tupu saa nzima, heri hiyo kuliko Machi, ambapo kosa hilohilo linakufanya uingie wakati wenzako wanaaga. Jihadhari pia na kusoma "10:00" ukasikia saa kumi. Kwenye kalenda ya simu andika tukio kwa saa za New York, uiache simu ibadilishe yenyewe. Ulaya nao hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, hivyo kuna wiki kadhaa ambazo London na New York haziko kwenye tofauti yao ya kawaida.

Kuhusu kamera, sikubaliani kabisa na Waya_Mrefu. Kwa anayeanza, sura ni nusu ya faida ya kuja, kwani watu wa kukualika kwenye semina wanakumbuka uso. Kama mtandao unabeba, iache wazi, uso upate mwanga wa dirisha kutoka mbele na laptopu iwe juu ya vitabu ili kamera ilingane na macho. Kuzima kuwe mpango wa pili.

Maswali: wenyeviti wengi hutaka ya ufafanuzi yaandikwe kwenye kisanduku cha ujumbe na ya hoja yasubiri mwisho. Usijaribu kusoma kisanduku huku unaongea, utapoteza uzi. Mwombe mwandishi mwenzako au rafiki akae humo ajibu mafupi ("data ni za mwezi, si za wiki") na akuwekee pembeni mazito mawili.

Mjadili akimaliza, usijibu pointi moja baada ya nyingine. Dakika 5 hazitoshi. Chagua mbili, moja unayokubali na utakayoifanyia kazi, moja ambayo una slaidi yake nyuma. Ndiyo maana slaidi za kiambatisho ziwe na kitufe cha kwenda na cha kurudi. Kwenye PowerPoint, andika namba ya slaidi ukibonyeza Enter inaruka moja kwa moja. Bandika karatasi ukutani yenye namba: mwezi wa msingi 15, HonestDiD 17, klasta za mkoa 19. Kutembeza slaidi 8 mbele ya watu ukitafuta mchoro ni aibu ndogo inayokula sekunde 40.

Na wakati wa maswali usiache slaidi ya "Asanteni" kwenye skrini. Rudisha mchoro mkuu. Kila anayeuliza atauliza akiutazama.

---

Mwana_Tozo

Saa 12, nimeandika. Slaidi zimebaki 13, ya asante nimeifuta, ya bacondecomp nayo imekwenda.

---

Bi_Regresheni

13 bado. Data umezigawa slaidi mbili, nina hakika. Ziunganishe.